Baridi Niliyokimbia na Maman Océane

Jumapili, 9 Novemba

Leo Maman Océane amekula kwangu, na kabla kahawa haijaiva nilikuwa nimeandikishwa marathon. Naandika ili kesho nisidhani niliota.

Naandika kwa Kiswahili cha masista walionifundisha Bukavu. Kile tunachosema hapa Ulaya nyumbani, mtaa wa Schaerbeek, kimejaa Kifaransa kama supu iliyojaa maji, na mume wangu Bertin akisoma atacheka.

Mtoto wetu Noé anataka kumuoa Océane. Msichana mzuri, anakula anachopewa, anaosha sahani bila kuombwa. Shida ni mama yake. Jina lake ni Mwadi, mjane, mtu wa Lubumbashi, anakaa Woluwe-Saint-Lambert, mtaa mwingine wa mji huu huu. Mimi namwita Maman Océane, yeye ananiita Maman Noé, na heshima yetu inaishia hapo. Kila tukipanga tarehe ya harusi, kwake inakwama. Mei anapaka rangi nyumba. Juni dada yake wa Kolwezi hana viza. Agosti ukumbi wa parokia umechukuliwa. Mimi naona yeye hatutaki tu. Anatuona watu wa milimani.

Mezani akaangalia ugali wangu, ambao wao wanauita bukari, akaona weusi wake.

"Maman Noé, bukari yako iko noir kidogo."

"Ni ya muhogo, Maman Océane. Njo inatupatiaka nguvu."

"Ah bon," akasema, akahamia kwenye sambaza, dagaa za ziwa la kwetu, akazimaliza.

Ndipo Océane akasema, pengine ili kubadilisha mazungumzo, kwamba yeye na Noé wamejiandikisha kukimbia marathon ya Aprili, katika mji mdogo wa Flandre. Maman Océane akafuta midomo taratibu.

"Hata mi nilikuwaka nakimbia ku lycée, ku masomo. Naweza kukimbia tena."

"Mpaka mwisho?" nikauliza, kwa upole.

"Sisi batu ba Lubumbashi, tukianza kintu tunamalizaka." Akatazama ugali wangu kama kitu kilichoachwa njiani.

Nikasikia mdomo wangu unasema: "Basi tutakimbia sisi bote."

Noé alikuwa na simu mkononi, akatuandikisha papo hapo. Bertin alikohoa mpaka akatoka mezani. Nina miaka hamsini na tatu.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu, hakuna kazi. Nimekimbia kutoka mlangoni mpaka geti la bustani ya Josaphat, nikakaa chini. Mzee mwenye mbwa ameniuliza kama aite ambulansi.

Jumatano, 12 Novemba

Ngazi nimezishuka kinyumenyume.

Jumamosi, 22 Novemba

Noé amenipeleka kununua viatu. Muuzaji amenikimbiza juu ya mashine mbele ya wateja wote, kisha akasema miguu yangu inaangukia ndani. Nimemwambia miguu hii imepanda kilima cha Kadutu, Bukavu, na madumu ya maji na haikuanguka popote. Nimenunua viatu vya rangi ya ndimu, kwa kuwa ni hivyo peke yake vilivyokuwa vya namba yangu. Bertin anasema sasa nikipotea nitaonekana hata kutoka kwenye ndege.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Giza mpaka saa mbili na nusu ya asubuhi. Nimekimbia kabla ya zamu, na imenipata aibu.

Yusufu, Mturuki mwenye duka la mikate pembeni yetu, huwa anafungua wakati napita. Leo ameniona nakimbia, na basi nalo limesimama kituoni. Mtu mwema yule. Akaruka barabarani, akainua mikono yote miwili mbele ya dereva, akapaza sauti kwamba kuna mama anakuja. Dereva akangoja. Abiria wote wakageuza shingo. Ningesema nini? Nikaongeza mbio, nikapanda, nikamshukuru dereva, nikashukia kituo kilichofuata.

Nimesubiri mpaka nikadhani Yusufu ameingia dukani, ndipo nikarudi nyumbani kwa kupita nyuma ya kanisa.

Jumapili, 14 Desemba

Noé amekuja kula. Ameniambia, kama mtu asiye na neno, kwamba jana Maman Océane amekimbia kilomita kumi na tano. Mimi nilikimbia saba, na nikajipongeza kwa kulala mchana.

"Unapigana na muntu mwenye hauone," Bertin akasema kutoka kwenye kochi. Anafuata mazoezi yangu yote kutoka kwenye kochi hilo.

Nimevaa viatu vya ndimu, nikatoka tena.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Nimekula.

Jumatano, 7 Januari

Theluji. Mji mzima umenyamaza. Wazee wa makao ya wazee ninakofanya kazi, pale Etterbeek, wamegandamana madirishani kama watoto. Mmoja wao, Madame Rolande, mwenye miaka tisini na moja, amenifundisha kuvaa soksi juu ya viatu ili nisiteleze. Jioni nimechukua soksi kubwa za Bertin, zile za sufu, nikavaa juu ya viatu, nikazunguka bustani mara tatu bila kuanguka. Moja imebaki mahali fulani kwenye theluji. Sijamwambia.

Noé amepiga simu: Maman Océane amefika kilomita ishirini na mbili. Katika theluji hii.

Huyu mwanamke anakula nini?

Jumamosi, 10 Januari

Hii ni siku ya kuandika kurasa.

Nimepanda metro mpaka Roodebeek, kule Woluwe, nikajiambia kwamba Josaphat kuna barafu nyingi. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona adui akikimbia. Nilijua anafanyia mazoezi bustani ya pale, Parc Malou. Nikashuka polepole kuelekea bwawani, kofia mpaka kwenye nyusi, na soksi mpya za Bertin miguuni.

Hakukuwa na mtu isipokuwa bata. Kisha nikaona koti jekundu kwenye benchi, na kitenge kimefungwa kiunoni juu ya koti. Maman Océane alikuwa anakula beignet, andazi la mafuta. Kando yake kulikuwa na nyingine nne ndani ya karatasi.

Tulitazamana. Hakuna aliyeweza kukimbia, yeye kwa ajili ya beignet, mimi kwa ajili ya soksi.

"Maman Noé," akasema mwishowe. "Shi samedi kama leo unafanyaka kilomètres vingt-cinq? Unafika mpaka huku?"

"Vingt-cinq?" Ishirini na tano! "Nani alikuambia?"

"Océane njo ananiambiaka. Samedi ilipita vingt, ishirini. Mbele yake dix-huit, kumi na munane. Mi nilisema, huyu mama atakufa."

"Nilifanya neuf, tisa tu. Na kipande kingine nilikuwa natafuta soksi ya Bertin."

Akaacha kutafuna.

"Lakini wewe," nikasema, "Noé anasema umefanya vingt-deux. Mu theluji."

Akaitazama beignet yake kama shahidi. "Nilifanya huit, munane tu. Na nilirudi na basi."

Tukahesabu kila mmoja maumivu yake. Miezi miwili watoto wale wamekuwa wakitupikia kilomita. Mimi nasikia zake, naongeza zangu. Yeye anasikia zangu, anapaka miguu mafuta, anatoka tena.

"Na yeye Océane anakimbiaka?" nikauliza.

"Wapi. Viatu vyake viko mu carton tangu Noël. Na Noé?"

"Anasema goti inamuuma. Lakini kwa kucheza mpira haimuume."

Nilitaka kukasirika. Nikaona kona ya mdomo wake inatetemeka, na yangu ikafuata. Tulicheka mpaka bata wakahama upande wa pili wa bwawa. Sijawahi kumwona mwanamke huyu akicheka. Ana pengo upande wa kushoto, na akicheka anamshika mtu mkono kwa nguvu kama anayezama.

Akanipa beignet. Ilikuwa nzuri, lazima niandike.

Tumekubaliana: kila Jumamosi tunakimbia pamoja, na hatusemi. Waendelee kudhani tunashindana. Tuone nani atachoka kudanganya.

Jumamosi, 17 Januari

Kumi na mbili, pamoja. Jioni Noé ameuliza habari. Nimejibu kwa sauti ya baridi kwamba Maman Océane akimbie anavyotaka. Amefurahi sana.

Jumamosi, 31 Januari

Maman Océane anaongea akikimbia. Mwanzoni nilidhani atakosa pumzi, hakosi. Anaongea kama mtu aliyefungiwa. Amenieleza jinsi ya kupika bukari nyeupe, jinsi ya kumjua daktari mwongo, kila shangazi wa Kolwezi kwa jina lake na kosa lake.

Leo, tulipopita kwenye kilima cha theluji chafu karibu na hospitali, ameniambia kuhusu marehemu mume wake, papa Kyungu. Amefariki miaka mitatu sasa.

"Akirudi ku kazi, alikuwa ananielezea siku yake yote. Nani alisema nini, chef wake wa kazi alifanya nini. Kwa Swahili yetu. Mi naosha sahani, nasikiliza. Sasa Océane namuongelesha, ananijibu 'oui, maman' kwa Kifaransa, anaenda kujifungia mu chambre. Siku ingine naongeaka na radio, Maman Noé. Naijibu."

Nilimwambia kwamba Bertin naye hajibu, na yeye yuko hai. Alicheka, akanishika mkono, tukateleza karibu kuanguka wote.

Nilizoea kumwona mwenye maringo. Leo nimefikiri kwamba pengine mtu akikaa kimya sana, shingo inakauka tu.

Jumamosi, 14 Februari

Kumi na nane. Upepo wa kukata masikio. Bertin amenipa maua, akaniuliza soksi zake zinaenda wapi.

Jumamosi, 21 Februari

Nimerudi na tramu. Peke yangu.

Tulikuwa tumepanga safari ndefu, kutoka Woluwe mpaka Tervuren kupitia msituni, na kurudi. Theluji ilianza tena tulipofika kwenye miti. Nzuri, nyepesi, kama mtu anapepeta unga. Nilikuwa na furaha, ndiyo maana nikafungua mdomo.

Nikamwambia kwamba Noé amekonda. Kwamba juzi aliniuliza jikoni kama naona Océane anampenda kweli, kwa kuwa kila tarehe inakwama, na mtu anayetaka kuolewa hakosi ukumbi mwaka mzima. Nikasema labda tumwombe padri aangalie tena Agosti, pengine kuna waliojitoa.

Maman Océane akanyamaza. Hilo halijawahi kutokea. Tulikimbia mpaka kituo cha mwisho cha tramu. Pale akasimama, akashika kiuno.

"Salle ya parokia haikukamatwa," akasema.

"Namna gani?"

"Sikuuliza hata padri. Njo mi nilidanganya. Na viza ya dada yangu, alishaipata. Na rangi, nilipaka siku mbili." Alikuwa anaangalia theluji kwenye viatu vyake. "Océane akienda, nitabaki na nani mu ile nyumba? Nilisema, mwaka moja tu. Nipate kuzoea."

Ningeweza kumhurumia. Leo jioni namhurumia kidogo. Lakini pale niliona tu Noé, amesimama jikoni kwangu na glasi ya maji, mwanaume mzima, anauliza kama anapendwa.

"Mutoto wangu anajiona hapendwi," nikasema. "Ju yako wewe ukule beignet na muntu."

Nikapanda tramu. Akaja mpaka mlangoni, akagonga kioo. Dereva akadhani anataka kupanda, akafungua mlango. Hakupanda. Alisimama tu, theluji inaingia ndani, abiria wanaguna, mimi nageuza uso. Mlango ukafungwa.

Kutoka kule mpaka kwake ni mbali. Sijui alirudije.

Jumapili, 22 Februari

Sikukimbia.

Jumamosi, 28 Februari

Nimekimbia peke yangu. Kumi na nne, nikaona ni arobaini. Katikati ya Josaphat nimejikuta naieleza miti habari za shemeji yangu.

Sijamwambia Noé. Mara mbili nimefungua mdomo, mara mbili nimemuongezea chakula. Bertin ndiye anajua.

"Ile neno ni yake," amesema. "Umuache ailete yeye mwenyewe."

"Na asipoileta?"

"Njo utapanda ile tramu tena, uende kwake."

Kuna siku kochi linasema maneno ya maana.

Jumapili, 8 Machi

Kengele imelia tukiwa mezani, Noé na Océane wapo. Maman Océane amesimama mlangoni, amebeba sufuria iliyofungwa kwa taulo. Amevaa kama anaenda kortini.

Hakukaa. Aliweka sufuria mezani, akabaki ameishika.

"Nimekuya kusema kintu, na musinikate, ju nikikatwa sitaanza tena. Salle ya mois d'août, Agosti, ilikuwa libre, haikukamatwa. Viza ilipatikana. Rangi ilikauka. Noé, mwanangu, Océane hakujua. Eko anakupenda mpaka inachokesha. Ni mi njo niliogopa kubaki peke yangu, na nikawaibia mwaka."

Bertin alizima televisheni. Kwa sisi tunaomjua, hilo ni tukio.

Océane alisimama, akaenda jikoni, tukasikia anaosha sahani. Sahani zilikuwa safi. Noé alitaka kumfuata, nikamshika shati. Tukangoja. Maman Océane alikuwa bado ameishika sufuria, na vidole vyake lazima vilikuwa vinaungua.

Msichana alirudi na mikono yenye povu. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe:

"Mama, ungeniambia tu. Mi naenda Schaerbeek. Haiko Canada. Ni tramu moja."

"Na kutembea kidogo," mama yake akasema.

"Na kutembea kidogo."

Ndipo akaachilia sufuria, akalia, na Océane akamlowanisha mabega kwa povu. Noé aliuliza kwa adabu kama Agosti bado inawezekana.

"Juzi vendredi nilienda ku parokia. Niliandikisha jina zenu. Le huit août, tarehe munane."

Nilifungua sufuria kwa kuwa mtu lazima afanye kitu. Bukari, nyeupe kama theluji. Nikampakulia yeye wa kwanza. Hakusema asante, nami sikusema pole. Aliangalia miguu yangu chini ya meza.

"Kilomètres ngapi hizi samedi mbili?"

"Quatorze. Halafu dix, kumi tu."

"Mi vingt na vingt-quatre," akasema, ishirini kisha ishirini na nne. "Peke yangu. Ya kweli."

Noé na Océane walitazamana.

"Na ninyi," nikawauliza, "za kwenu ngapi?"

Goti la Noé likaanza kuuma pale pale.

Jumamosi, 21 Machi

Thelathini. Mvua ya mawe, kisha jua, kisha mvua ya mawe. Yusufu ametupatia mkate wa ufuta tukipita. Anajua sasa, lakini basi likija bado anatutazama kwa wasiwasi.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimekunja nguo mara tatu. Bertin anasema kesho atakimbia nasi kwa roho. Aibebe roho hiyo vizuri, ina uzito.

Jumapili, 19 Aprili

Naandika nimelala, miguu juu ya mito mitatu.

Mji ule ni bapa kama meza. Mfereji, ng'ombe, upepo. Watoto wetu walikuja kama washangiliaji, na kibao chenye majina yetu. Walikuwa na haya, ndiyo sababu walishangilia sana.

Mpaka nusu ya njia tulikuwa malkia. Maman Océane aliongea na watu wa maji, na mapadri wawili, na ng'ombe. Baada ya thelathini alinyamaza. Mbele kidogo akatoka barabarani, akakaa kwenye majani.

"Miguu yangu sisikie tena. Wende, Maman Noé. Utawaambia nilikaa muzuri."

Sitajidanganya humu. Kwa muda wa pumzi mbili nilijiona nafika peke yangu, Novemba yote imelipwa. Kisha nikakaa kando yake. Hilo lilikuwa kosa kwa sababu nyingine: sote wawili hatukuweza kusimama tena. Tulivutana, tukaanguka, tukavutana. Gari linalofuata watu wa mwisho lilipofika, tulikuwa tumepiga magoti tumeshikana mabega, na mzee mwenye koti la manjano alivua kofia, akidhani tunasali.

Alituinua mmoja mmoja. Alieleza kwa Kifaransa cha taratibu kwamba muda umeisha, barabara inafunguliwa, tupande gari. Maman Océane alimjibu kwa heshima zote kwamba harusi ni tarehe nane Agosti, kwa hiyo wakati tunao. Mzee alifikiri. Akasema basi tupite njia ya waendao kwa miguu, na tusimame kwenye taa nyekundu.

Tukasimama kwenye kila taa nyekundu.

Tulipofika, lile tao la hewa la mwisho lilikuwa limelala barabarani, limenyauka, wanaume wawili wanalikunja. Mkeka wa kupimia muda ulikuwa umeshaondolewa. Hakuna muziki, hakuna Noé, hakuna kibao. Baadaye tulijua kwamba walikuwa wamepanda gari kwenda kututafuta kando ya mfereji. Kulikuwa na mtu mmoja anafagia maganda ya ndizi, ametugeuzia mgongo. Lakini mstari ulikuwepo, umechorwa kwa rangi nyeupe.

Tulikuwa tumeshikana mikono tangu taa ya mwisho. Hatukuwa tumepanga, ilikuwa tu ili tusianguke. Zilipobaki hatua chache niliona mkono wake unateleza kutoka wangu. Nikamtazama. Alikuwa ametoa kidevu mbele. Mwanamke yule, asiyesikia miguu, alikuwa anakimbia.

Nami nikakimbia.

Mfagiaji aligeuka tukiwa tumeshavuka, tumeshikilia kizuizi, tunapumua kama ng'ombe. Alitupigia makofi kwa ufagio chini ya kwapa. Tulimuuliza wote wawili kwa pamoja nani ametangulia. Hakuwa ameona.

Gari likafika, watoto wakashuka wanalia na kucheka. Noé alimkumbatia mama mkwe wake kwanza, kisha mimi. Nimeliona hilo na nimelisamehe. Bertin, aliyekuwa anaendesha, akashusha kioo.

"Nani alitangulia?"

"Mimi," tukasema.

Tumebishana mpaka barabara kuu. Karibu na Ghent sauti yake ikakatika katikati ya neno; amelala, kichwa kikaanguka begani mwangu, mdomo wazi, mzito kama gunia la mahindi. Océane alitaka kumsogeza, nikamkataza kwa mkono. Nilikaa hivyo mpaka Woluwe, bega likafa ganzi, sikujigeuza.

Lakini aliyetangulia ni mimi.